Bunduki Mbili za Ruger: Mnunuzi Atazame Nini?

Kampuni ya Sturm, Ruger ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1949, imetoa bunduki mbili za bolti za kuwindia ambazo mnunuzi huzikuta dukani bega kwa bega: Hawkeye ya mwaka 2006 na American ya mwaka 2012. Zote hutumia risasi za kawaida kama .308 Winchester na .30-06, lakini American ni nafuu zaidi. Mnunuzi ana haki ya kujua unafuu huo umetoka wapi.

Haukutoka kwenye mtutu. Mitutu ya zote mbili hufuliwa kwa nyundo chuma kikiwa baridi, na kwa shabaha American haiachwi nyuma. Kitako chake ni cha plastiki na kikasha chake cha risasi ni chepesi. Hayo ni mambo ya ladha. Tofauti yenye uzito imo ndani ya bolti.

Bolti ya Hawkeye ina ukucha mrefu unaolishika ganda tangu risasi inapopanda kutoka kwenye kikasha. Mwindaji akisita katikati na kuirudisha bolti nyuma, risasi hurudi nayo. Bolti ya American huisukuma risasi mbele bila kuishika, na huikamata bolti inapofungwa kabisa. Akisita hapo, risasi inaweza kubaki ndani ya chemba. Akisukuma tena, ya pili huigonga ya kwanza na bunduki hukwama. Hatari kubwa zaidi ni kudhani kwamba chemba ni tupu kwa sababu bolti imerudi bila kitu. Kwa bunduki yoyote, na kwa hii hasa, chemba itazamwe kwa jicho na kupapaswa kwa kidole.

Kifungo cha usalama nacho kinataka uangalifu. Cha Hawkeye kina hatua tatu: ya nyuma hufunga kifyatulio pamoja na bolti, ya kati huruhusu kutoa risasi huku kifyatulio kimezuiwa, na ya mbele huruhusu kufyatua. American ya awali ina hatua mbili tu, wala usalama wake haufungi bolti. Mkono wa bolti ukinaswa na tawi vichakani, unaweza kuinuka. Kizazi cha pili cha American kimepewa hatua tatu. Muuzaji aulizwe bayana anauza kizazi kipi, kwa kuwa jina ni lile lile.

Katika hesabu ya bei, tukumbushe kwamba Hawkeye huja na pete za kufungia darubini, ilhali za American hununuliwa kando. Kwa upande mwingine, uzito wa kifyatulio cha American mwenyewe anaweza kuurekebisha, takriban kilo 1.4 hadi 2.3.

Anayewinda swala hana sababu ya kulipia ukucha wa Hawkeye, mradi ajizoeze kuisukuma bolti hadi mwisho. Anayekusudia nyati asiitazame American. Hawkeye imetengenezwa pia kwa risasi nzito ya.375 Ruger.

Kwa msomaji wa Tanzania, kibali cha silaha chini ya sheria ya mwaka 2015 hutangulia malipo. Nambari iliyochongwa kwenye chuma ilinganishwe na ya kwenye stakabadhi kabla ya kutoka dukani.