KATIKA KUMVUA MTU URAIA, NA NI NANI ALAZIMIWAYE USHAHIDI

Uraia ni fungamano baina ya mtu na dola. Dola humpa mtu ulinzi, na haki ya kukaa na kutoka na kurejea. Naye huipa dola utii wake na kodi yake. Fungamano hili wengine hulipata kwa kuzaliwa, na wengine kwa kuandikishwa. Mas'ala yenyewe ni haya: je, yajuzu kwa dola kulikata, na kwa masharti gani?

Wengi hudhani kuwa kumvua mtu uraia ni adhabu kama adhabu nyingine. Sivyo. Mfungwa ana gereza lake, na gereza lina nchi. Aliyetozwa faini, akiisha kulipa amemaliza. Ama aliyevuliwa uraia, naye hana uraia mwingine, hana pa kuwekwa: nchi aliyotoka haimtaki, na nchi anayosukumiwa haina wajibu wa kumpokea.

Jambo hili lilipata kufanywa kwa wingi. Serikali ya Ujerumani mwaka 1933 iliweka sharia ya kuwavua watu uraia, na tarehe 25 Novemba 1941 ikatoa amri kwamba Myahudi yeyote aishiye nje ya nchi hiyo si raia tena, na mali yake ni ya serikali. Kwa ajili ya mambo kama hayo, Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilisema, katika kifungu cha 15, kuwa kila mtu ana haki ya uraia na kwamba hapana ruhusa ya kumnyang'anya mtu uraia wake pasipo haki. Kisha ukaja mkataba wa mwaka 1961 wa kupunguza watu wasio na uraia, ila mkataba huo una milango kadhaa ya kutokea, na mataifa yameijua yote.

Lakini hatari kubwa haiko katika sharia za kuvua uraia peke yake. Iko pale dola inapomwambia mtu: hatukuvui kitu, kwani hukuwa nacho tangu asili. Hilo lilitokea Tanzania. Mtu mmoja, ambaye kwa kauli yake alizaliwa Masama, Butiama, mwaka 1979, alikwenda polisi Babati mwaka 2012 kwa ajili ya mambo ya ndoa yake. Ikatiwa shaka juu ya uraia wake, na pasipoti yake ikazuiliwa. Mwezi wa Agosti 2014 aliarifiwa kuwa si raia. Na mwanzo wa Septemba akapelekwa mpakani chini ya ulinzi, akatiwa Kenya. Mahakama ya Kenya nayo ikamwona kuwa yumo nchini pasipo idhini, akatolewa. Aliporejea, Tanzania ikakataa kumpokea. Basi akakaa Sirari, katika kipande cha ardhi kilichoko baina ya vituo viwili vya mpaka, hayumo huku wala huko.

Kesi yake ilifika mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha, na hukumu ikatoka tarehe 22 Machi 2018. Serikali ilidai kuwa mtu aliyemtaja kuwa baba yake siye baba yake, na maneno ya mashahidi yalikuwa yakipingana. Mahakama ikasema: mtu huyu alikuwa na hati zilizotolewa na serikali hiyo hiyo, basi serikali ikizikanusha, yenyewe ndiyo ilazimiwayo kuthibitisha. Tena ikasema kuwa ingewezekana kupima vinasaba na shaka ikaondoka, wala hilo halikufanywa.

Maneno haya si mageni kwa mtu wa pwani. Kila aliyepata kuhudhuria kwa kadhi ajua kuwa mwenye kudai ndiye aletaye mashahidi. Mtu akiwa amekaa nyumbani mwake na hati mkononi, kisha akaja mwingine akasema nyumba si yake, kadhi hamgeukii aliyekaa, humgeukia aliyekuja. Na hapa mdai ndiye aliyeiandika hati na kuipiga muhuri, ndipo shaka yake ikahitaji ushahidi zaidi, si upungufu wa ushahidi.

Mahakama ilikuta pia kuwa mtu yule hakusikilizwa na hakimu yeyote kabla ya kutolewa, ikaiamuru Tanzania irekebishe sharia yake ili wenye kugombania uraia wapate kwenda mahakamani, na mwenyewe aruhusiwe kurejea.

Ikiwa mtu atasema: je, yule aliyejiunga na maadui wa nchi yake, hastahili kuvuliwa? Jawabu ni kuwa anastahili kuhukumiwa, na hukumu ina mahali pake. Tazama mambo ya Uingereza. Binti mmoja, mzaliwa wa London, alikwenda Shamu mwaka 2015 akiwa na miaka 15, akajiunga na kundi la wauaji. Februari 2019 waziri alimvua uraia kwa hoja kuwa kwa nasaba ya wazazi wake ni raia wa Bangladesh. Bangladesh ikasema si wetu. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliukubali uamuzi wa waziri Februari 2024. Ubaya wa aliyoyafuata hauna mjadala. Lakini lau mwenzake, aliyezaliwa mtaa ule ule na wazazi wasio na asili ya ng'ambo, angefanya kosa lile lile, sharia isingemruhusu waziri kumvua, kwani angebaki bila uraia wowote. Kosa moja, hukumu mbili, na tofauti ni babu.

Ama mtu wa Sirari, tangu kutolewa kwake hata siku ya hukumu ilikuwa imepita miaka mitatu na nusu. Na mwezi wa Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake lililowaruhusu watu binafsi kuishitaki moja kwa moja katika mahakama ile ya Arusha.