Simu Yaweza Kutuliza Moyo

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Hata maradhi ya moyo ni yayo hayo.

Hapa Kenya, tangu 2006, mtoto aliye taabani aweza kupiga nambari 116 bila malipo, usiku na mchana, akazungumza na mnasihi.

Kwanza, simu humfaa mwenye haya: uso wake hauonekani. Mnasihi naye husikiliza sauti, kwikwi, hata kimya.

Pili, humfikia aliye mbali na mji.

Lakini hebu tujiulize jamani, atasemaje ikiwa anayemtesa ndiye mwenye simu? Kwa hivyo nawasihi wenzangu: likizoni, jirani akiomba simu apige 116, tumpe, kisha tumwondokee aongee faraghani.