Bima ya Gari: Kwa Nini Dai Hukataliwa

Wako ndugu zetu wa mwambao waliokwenda Migori na Homa Bay kwa kazi na biashara, na magari yao hupita mchana na usiku katika njia za Rongo na Isebania. Wapatwapo na ajali hukimbilia shirika la bima, na baadhi yao hurudi mikono mitupu wakinung'unika kuwa wamedhulumiwa. Dhuluma ipo, hatukatai. Lakini mara nyingi sababu imo katika karatasi waliyoitia sahihi pasi na kuisoma. Basi yatupasa tuzijue sababu hizo.

Bima ni mapatano. Mwenye gari hutoa ada, na shirika huahidi kubeba hasara maalumu kwa masharti maalumu. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, yamlazimu mwenye gari awe na bima ya kuwalinda watu wengine atakaowadhuru njiani. Bima hiyo peke yake hailitengenezi gari lake mwenyewe, wala hailipi likiibwa. Atakaye hayo na akate bima kamili. Hii ndiyo sababu ya kwanza: mtu kudai asichokinunua.

Ya pili ni kuficha kweli. Mtu huandika kuwa gari ni la matumizi ya nyumbani, kwa kuwa ada yake ni nafuu, kisha akapakia abiria wa nauli kutoka Rongo mpaka Homa Bay. Gari likipinduka, shirika lina hoja, kwani hatari iliyotokea siyo iliyoandikwa. Na madhara hayamwishii yeye. Abiria aliyevunjika mguu, asiyeijua fomu ile, huenda akakosa fidia.

Ya tatu ni ada. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima chakataza shirika kubeba hatari kabla ya kulipwa. Aliyempa wakala fedha bila ya kupewa risiti atathibitisha kwa nini?

Ya nne ni dereva asiye na leseni ya gari la namna ile, au aliyelewa.

Ya tano ni mpaka. Bima ya kawaida ya Kenya huishia Isebania. Avukaye kwenda Sirari, upande wa Tanzania, huhitaji Kadi ya Manjano ya COMESA, nayo huwalinda watu wengine katika nchi zilizomo katika mpango huo.

Ya sita ni mwenendo baada ya ajali: kukawia kuliarifu shirika, kukosa ripoti ya polisi, kukiri kosa na kuahidi malipo bila ya idhini, au kulitengeneza gari kabla ya mkaguzi kuliona.

Je, kila kukataa ni haki? La. Sura ile ile ya 405 hailiruhusu shirika kumkimbia majeruhi kwa hoja ya umri wa dereva, ubovu wa gari, au wingi wa abiria. Ila likisha kumlipa laweza kumdai mwenye gari. Tena Sheria ya Bima imeweka siku 90 za kulimaliza dai. Aliyekataliwa na atake jibu la maandishi lenye kutaja sharti lililovunjwa, kisha apeleke malalamiko yake kwa Mamlaka ya kusimamia bima, Nairobi.

Wala asidhani mtu kuwa takaful, iliyoanza Kenya mwaka 2011, haina masharti. Nayo ni mapatano, na mwenye kusema uongo humo huwadhulumu wenziwe waliochanga naye.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandika deni na kushuhudisha. Yatosha kutuonyesha uzito wa maandishi baina ya watu. Basi kabla ya kutia sahihi, mwenye gari na aisome fomu yote. Asiyejua Kiingereza asomewe na mtu mwaminifu asiyekuwa wakala, ajaze kweli tupu, na nakala aiweke nyumbani kwake.