Fizi Zikitoa Damu, Usiache Kupiga Mswaki
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

Kosa lenyewe

Watu wazima wengi wanaokuja kung'olewa meno yanayocheza hawakupigwa wala kuanguka. Mara nyingi jino lenyewe ni zima, halina hata tundu. Kilichokwisha ni kile kinacholishika. Na wengi wao walifanya jambo lile lile: miaka iliyopita waliona damu kwenye mswaki, wakaogopa, wakaacha kuugusa upande ule. Wengine waliuweka mswaki kando kabisa wakawa wanasukutua kwa maji tu, wakidhani wanaupumzisha ufizi upone. Ufizi haukupona. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya neno moja, nalo litarudiwa mpaka ulichoke: fizi zikitoa damu, usiache kupiga mswaki.

Damu inatoka wapi

Kinywa cha kila mtu kina bakteria, awe tajiri au maskini. Hao hujishikiza kwenye meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi, wakatengeneza utando laini. Kwangua jino kwa ukucha asubuhi kabla ya kupiga mswaki utauona. Utando huo ukiachwa siku baada ya siku, sumu ya bakteria huuchokoza ufizi, na mwili hupeleka damu nyingi mahali hapo kujilinda. Ufizi unakuwa mwekundu, unavimba, na ngozi yake ya upande wa jino inadhoofika kiasi kwamba mguso mdogo tu unautoa damu. Kwa hiyo mswaki haukuleta ugonjwa, umeugusa tu. Uvimbe huo ukikaa muda mrefu, kwa watu wengi mapambano ya mwili na bakteria huanza kuumaliza mfupa unaoshika jino, polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote. Tofauti ya kushika ni hii: ufizi uliovimba unapona, lakini mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.

Tunajuaje kwamba kuacha ndiko kunakodhuru?

Limejaribiwa kwa watu. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake, huko Aarhus nchini Denmaki, walichapisha matokeo ya jaribio jepesi kulieleza: watu 12 wenye fizi nzima walikubali kuacha kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na ugonjwa wa fizi. Si wachache, wote. Kisha wakaambiwa warudie kusafisha meno, na baada ya wiki moja hivi fizi zao zikarudi katika hali yake. Hawakupewa dawa wala sindano. Kilichowafanya waugue ni kuacha mswaki, na kilichowaponya ni kuurudia. Sasa mtazame mtu ambaye fizi zake tayari zinatoa damu, halafu anaacha mswaki ili apone: anakichukua kile kile kilichowatia ugonjwa wazima, anakifanya ndiyo tiba yake.

Wapo watakaosema kwamba hao walikuwa vijana, tena kwa majuma machache tu, na kwamba bibi yao wa kijijini hakuwahi kununua mswaki na bado anatafuna mahindi ya kuchoma. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na haifai kuibeza. Löe huyo huyo na wenzake waliwafuatilia wanaume 480, vibarua wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, kuanzia mwaka 1970 hadi 1985. Hawakuwa na desturi ya kusafisha meno wala huduma ya meno. Kati ya kila 100, takribani 11 walibaki na fizi zilizovimba tu, mfupa haukuliwa. Bibi huyo huenda ni katika hao 11. Lakini 81 waliharibika kwa mwendo wa wastani, na 8 kwa kasi kubwa, hata wakapoteza meno mengi wangali vijana. Hakuna anayezaliwa na alama usoni inayosema yumo katika kundi lipi. Mwenye kumtegemea bibi yake anacheza kamari, na nafasi yake ya kushinda ni 11 katika 100.

Wengine husema ni uzee. Uzee hauli mfupa. Utando uliokaa miaka mingi ndio unaoula, na mzee ameishi nao muda mrefu kuliko kijana. Mzee anayesafisha meno yake vizuri anaweza kuzikwa nayo.

Upige vipi ufizi unapouma

Tumia mswaki laini. Ule mgumu unaouzwa kwa sifa ya kung'arisha hukwangua ufizi, na hapo mwenye kulalamika kwamba mswaki unamuumiza anasema kweli. Dawa yake ni kubadili mswaki, si kuacha. Uinamishe kidogo kuelekea ufizini, pale jino linapoanzia, usogeze taratibu kwa mizunguko midogo, jino kwa jino, nje na ndani, kama dakika mbili. Usiruke sehemu inayotoa damu. Hapo ndipo penye kazi. Mswaki wa mti nao unafaa, mradi ncha yake itafunwe mpaka ilainike na ifike mpaka wa ufizi na meno ya nyuma, maana wengi husugua ya mbele tu, yale yanayoonekana wakicheka. Siku za kwanza damu itatoka. Tema, endelea. Kwa kawaida itapungua ndani ya wiki moja au mbili.

Mara ngapi?

Mara mbili kwa siku, na ile ya usiku kabla ya kulala usiikose.

Mswaki wa nani?

Kila mtu na wake, hata mke na mume, kwa sababu damu ya fizi inaweza kubeba homa ya ini.

Mambo ya kujihadhari nayo

Maji ya chumvi hupunguza maumivu lakini hayaondoi utando. Sukutua ukipenda, kisha piga mswaki. Usisugue kwa mchanga, majivu wala mkaa. Usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kitauunguza. Usinunue vidonge vya kuua bakteria dukani kila fizi zinapovimba: uvimbe utashuka, utando utabaki pale pale, na mwezi ujao utarudi dukani. Utando ukishakuwa mgumu unaitwa ugaga, na mswaki hauutoi. Usiuchokonoe kwa sindano wala kisu, nenda ukakwanguliwe kwenye kliniki ya meno. Kukwanguliwa hakulegezi meno. Kama baada ya hapo jino linaonekana kucheza, ni kwa sababu ugaga ulikuwa umeshika mahali ambapo mfupa ulikwisha kuondoka.

Mvuta sigara asijisifu kwamba fizi zake hazitoi damu. Tumbaku huificha damu huku mfupa ukiendelea kuliwa, na kwake ugonjwa huwa mkali zaidi. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari isiyodhibitiwa huharibu fizi, na fizi mbovu huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Apige mswaki na anywe dawa zake, vyote viwili. Mjamzito fizi zake huvimba na kutoa damu kwa urahisi kuliko kawaida, na wanawake wengi huacha mswaki katika miezi hiyo hiyo wanayouhitaji zaidi. Mama, usiache. Baadhi ya dawa za kifafa na za shinikizo la damu hufanya fizi ziote na kufunika meno. Usikatishe dawa kwa uamuzi wako, mweleze aliyekuandikia.

Usingoje nyumbani

Nenda kituo cha afya kama damu haijapungua baada ya wiki mbili za kupiga mswaki vizuri, kama inatoka yenyewe bila kuguswa, kama usaha unatoka kando ya jino, au kama jino limeanza kucheza. Endelea kupiga mswaki hata unaposubiri siku ya miadi. Mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, akiwa na kidonda cha kijivu kwenye ufizi, kinywa kikinuka vibaya na shavu likianza kuvimba, huenda ni noma, ugonjwa unaoweza kuula uso na kuua kwa muda mfupi. Ukianza kutibiwa mapema unazuilika. Mpeleke siku hiyo hiyo.