Mtoto wa paka aliyefiwa na mama na anahara: joto kwanza, maziwa baadaye

Najua mmezoea kunisoma nikiongelea kuku wa mayai, mbuzi na nyanya, leo naleta habari za paka. Msinicheke. Kama una kuku mia tano na stoo yenye magunia ya chakula, paka ni mfanyakazi wako kama wengine, tena hadai mshahara. Panya anakula chakula, anakojolea kinachobaki, anatoboa magunia na akipata nafasi anabeba vifaranga. Ukihesabu gharama ya mwezi mmoja utaona paka mmoja mzuri ana thamani gani.

Wengine mnaweka sumu pamoja na paka, na hapo ndipo maswali mengi ninayoletewa yanapoanzia. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani zinafanya kazi kwa kuzuia damu isigande. Panya akiila hafi palepale, anazunguka siku kadhaa akiwa amelegea, na panya aliyelegea ndiye paka anamkamata kirahisi. Paka akila wa namna hiyo mmoja leo na mwingine kesho, naye anaweza kufa. Halafu asubuhi unafungua stoo, unasikia vilio nyuma ya magunia. Watoto wanne, macho bado hayajafunguka, mama hayupo.

Wengi hapo wanakimbilia jikoni. Maziwa ya ng'ombe yanapashwa, watoto wananyweshwa mpaka matumbo yanajaa kama ngoma, kesho yake wanahara, siku ya tatu wamekufa. Kisha mtu ananiambia, "Afisa, walikuwa dhaifu tu hao." Mimi sikubali. Mara nyingi kinachowaua ni mpangilio: maziwa yametangulia joto.

Mtoto mwenye baridi hawezi kusaga chakula

Mtoto wa paka wa wiki ya kwanza hajui kutetemeka ili apate joto. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 35 na 37, analipata kwa mama na kwa kulaliana na ndugu zake. Likishuka chini ya nyuzi 34 na kidogo, utumbo unaacha kusukuma. Maziwa utakayompa yanakaa pale pale, yanachacha, tumbo linajaa gesi, kisha anahara au anatapika na mengine yanaingia kwenye mapafu. Kwa hiyo ukimkuta baridi, usimpe maziwa hata kama analia sana. Kipimo rahisi ni kidole: kiingize mdomoni mwake kikiwa safi. Ukihisi ubaridi ndani ya mdomo, na hanyonyi kidole, bado wakati wa maziwa haujafika.

Nyie wafugaji wa kuku mna faida hapa, maana bruda mnaijua. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji kama nyuzi 32 hadi 35. Mtoto wa paka wa wiki ya kwanza anataka karibu na hapo, nyuzi 30 hadi 32, kisha unapunguza kidogo kidogo kadiri anavyokua. Siyo kwamba umtie kwenye bruda pamoja na vifaranga, hapana! Chukua boksi la karatasi, tandika kitambaa, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo upande mmoja tu, ili akizidiwa na joto ajisogeze upande wa pili. Chupa ibadilishwe ikipoa, maana chupa iliyopoa inanyonya joto lake badala ya kumpa. Walioko Njombe, Makete na nyanda nyingine za juu, usiku wa Juni na Julai chupa moja haifikishi asubuhi. Na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni marufuku. Ile hewa yake inaua paka, inakuua na wewe.

Apate joto taratibu, kwa saa moja au mbili. Njia ninayoipenda ni kumweka ndani ya shati, ngozi kwa ngozi, huku ukiendelea na kazi nyepesi. Usimtumbukize kwenye maji ya moto, wala usimkaribishe kwenye moto.

Kisha maji, ndipo maziwa

Akishapata joto, anayehara anahitaji maji kabla ya kitu kingine. Tumia pakiti ya ORS, changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, yawe vuguvugu, mpe tone kwa tone kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano yake. Kama amepata joto lakini bado amelegea, yeyusha glukosi kidogo umpake kwenye fizi kwa kidole.

Utajuaje kama amepungukiwa maji? Ile njia ya kuvuta ngozi ya shingo tunayotumia kwa ndama, kwa paka mchanga inadanganya. Angalia fizi: zikinatanata badala ya kuteleza, maji yamepungua. Angalia na mkojo. Wa paka mchanga mwenye afya unakaribia kuwa kama maji, ukiwa wa njano iliyokolea ongeza maji.

Kuhusu mkojo, kuna jambo wengi hawalijui. Mpaka afike kama wiki tatu, mtoto wa paka hakojoi wala hajisaidii mwenyewe, mama ndiye anayemlamba mpaka vitoke. Mama hayupo, kazi ni yako: pamba iliyolowa maji ya uvuguvugu, unampapasa taratibu sehemu za nyuma kila unapomlisha. Nimeona watu wakitafuta dawa ya kufungua choo kwa mtoto mwenye tumbo gumu, kumbe hakuna aliyempapasa tangu jana.

Sasa maziwa. Ya ng'ombe yana protini kama asilimia 3 na kidogo, ya paka yana mara mbili ya hapo au zaidi. Ili mtoto ashibe maziwa ya ng'ombe lazima anywe mengi, na akinywa mengi ile sukari ya maziwa inazidi uwezo wa utumbo wake, anahara. Suluhisho bora kuliko yote ni paka mwingine anayenyonyesha. Ulizia majirani kabla hujauliza dukani, paka wengi wanapokea mtoto wa mwenzao, hasa ukimpakaza kwanza harufu ya watoto wake. La pili ni maziwa maalumu ya unga ya watoto wa paka, ambayo maduka ya dawa za mifugo ya mijini huwa nayo. Ukiwa kijijini na usiku umeingia, chemsha maziwa ya mbuzi robo lita, ya ng'ombe kama ya mbuzi hakuna, na yakiwa bado moto koroga humo kiini cha yai moja bichi la kwako, lisilo na ufa. Ute mweupe usiweke, wala sukari. Hiyo ni ya kuvukia siku moja au mbili tu, siyo ya kulelea mpaka akue.

Kiasi ndicho kinachowashinda watu. Tumbo lake linabeba kama mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito, basi. Mtoto wa siku mbili tatu ana kama gramu 100, kwa hiyo mililita 4 kila mlo, kila baada ya saa tatu hivi, usiku na mchana kwa wiki ya kwanza. Mlishe akiwa amelalia tumbo, kichwa kimeinuka kidogo. Kumlaza chali kama mtoto wa binadamu ni kumpeleka maziwa mapafuni.

Kinyesi kinasema nini

Kinyesi kizuri ni cha njano, laini kama dawa ya meno. Kikiwa cha njano lakini cha majimaji, kwa kawaida umemlisha kupita kiasi: punguza kiasi, ongeza mara. Kikiwa cheupe kijivu chenye mabonge, maziwa yanapita bila kusagwa. Hapo changanya maziwa nusu kwa nusu na maji ya ORS kwa saa 12 hadi 24, kisha rudisha ukali wa maziwa polepole. Lakini usimfungishe. Kuna wafugaji wana mazoea ya kumnyima mnyama mkubwa chakula ili tumbo litulie. Mtoto wa paka hana akiba mwilini, ukimnyima usiku kucha asubuhi hutamkuta. Ukiona damu, au kinyesi cheusi, au ameacha kabisa kunyonya ingawa ana joto, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Msafishe nyuma kwa maji ya uvuguvugu kila anapohara, mkaushe vizuri, paka mafuta ya mgando. Mtoto aliyelowa anapoa upya, na umerudi mwanzo.

Kijana mmoja mfugaji wa kuku wa mayai alinipigia akiwa na wanne. Mmoja alikuwa amenyweshwa akiwa baridi, tumbo limevimba, hakufika usiku. Watatu waliobaki tuliwaweka kwenye joto, ORS, kisha maziwa kidogo kidogo. Nilimwambia awapime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni na aandike kwenye daftari lake la mayai. Mmoja alisoma gramu 96, kesho yake 91, siku ya tatu 92, ya nne 99. Hiyo 91 ilimtisha akataka kuongeza maziwa. Nikamzuia. Mtoto mwenye afya anaongeza kama gramu 10 kwa siku, akisimama siku moja kwa ajili ya kuhara siyo msiba, akishuka siku mbili mfululizo ndiyo unapiga simu.

Kuhusu dawa, nitasema kwa ukali kidogo. Panadol kwa paka ni sumu, hata kipande. Dawa za kuogeshea ng'ombe na mbuzi za jamii ya pairethroidi ni sumu kwa paka, usimnyunyizie eti kwa sababu ana viroboto, mchane kwa kichanuo cha meno ya karibu. Vidonge vya Flagyl vilivyobaki nyumbani, viache vilipo. Wengine wananiuliza kama kuhara huku ni koksidia ametoa kwa kuku. Hapana, koksidia za kuku haziingii kwa paka. Minyoo kweli wanapata, hata kupitia maziwa ya mama, lakini dawa yake inaanza wiki ya pili, ile inayofaa paka wachanga, kwa uzito aliopimwa na daktari, siyo kwa kukadiria ile ya mbuzi.

Akifika wiki nne mwanzishie dagaa waliochemshwa bila chumvi na kupondwa na maziwa yake. Miezi mitatu, chanjo ya kichaa cha mbwa. Kabla hajaanza kazi stoo, ondoa sumu yote ya panya iliyobaki, na kama una mbuzi au kondoo funika pumba na chakula chao, kwa sababu kinyesi cha paka mdogo anayeanza kuwinda kinaweza kuwa na toksoplazma, nayo inatupisha mimba za mbuzi na kondoo. Mama mjamzito nyumbani asishike mchanga anaojisaidia humo.