Lori la Kukodi na Dhamana ya Mwenye Mkataba

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye malori machache huuona ukweli wa mithali hii siku apatapo mkataba mkubwa kuliko magari yake. Yafaa tulieleze jambo hili, maana wako waliopata faida kwalo, na wako waliopoteza mali na jina jema pia.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtu ana malori 4, na kila moja huchukua tani 30. Amepewa kazi ya kupeleka mahindi tani 1,200 kwa muda wa siku 20. Safari ya kwenda na kurudi ni siku 4; basi kila lori litakwenda safari 5, na malori yote yatachukua tani 600 tu. Nusu ya mzigo itabaki ghalani. Afanyeje? Akiikataa kazi, atakosa faida. Akinunua malori mengine 4 kwa mkopo, kazi itakwisha baada ya siku 20, lakini deni litabaki. Kwa hiyo huwatafuta madereva wa nje, yaani watu wenye malori yao wasio waajiriwa wake, wamsaidie mpaka kazi iishe.

Njia hii ni njema, lakini ina mtego. Mwenye mahindi hakupatana na madereva wale; alipatana na mtu mmoja, na huyo ndiye atakayemdai. Mahindi yakilowa mvua au yakichelewa, haifai kitu kusema, "Dereva yule si wangu." Kazi yaweza kugawanywa, bali ahadi ni ya yule aliyetia sahihi.

Tena dereva naye ana haki yake. Hununua mafuta na mipira ya magurudumu kwa fedha zake kabla ya kupata ujira. Akingojeshwa miezi miwili mitatu mpaka mwenye mkataba alipwe kwanza, atakwama, na mzigo utakwama pamoja naye.

Nchi ya Marekani, ambako madereva wengi wana malori yao wenyewe, imekwisha kuyaona matata haya. Tangu mwaka 1979 ziko kanuni za serikali kwa kampuni zinazochukua mizigo toka jimbo hata jimbo kwa malori ya kukodi pamoja na madereva wake. Baadhi yake ni hizi:

1. Mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili.
2. Muda wote wa mapatano lori liwe chini ya amri ya kampuni, nayo ichukue madaraka yote ya kazi yake.
3. Ujira utajwe wazi, na iandikwe nani atalipa mafuta, vibali na ushuru wa barabara.
4. Dereva alipwe kabla ya kupita siku 15 tangu atoapo hati za safari.
5. Ikiwa ujira ni fungu la nauli, dereva apewe nakala ya hati ya nauli, ajue fungu lake limetoka katika kiasi gani.
6. Asilazimishwe kununua vitu kwa kampuni ili apate kazi.

Hata hivyo mabishano hayakwisha. Mwaka 2019 jimbo la California lilitunga sheria ya kumhesabu mtu wa namna hii kuwa mwajiriwa, isipokuwa kampuni ithibitishe kwamba sivyo. Julai 2022, ilipokaribia kutumika kwa wenye malori, madereva waliosema kwamba yawanyang'anya uhuru wao waliziba milango ya bandari ya Oakland. Basi yapasa ijulikane tangu mwanzo kama mtu ni mwajiriwa au ni mwenye kazi yake.

Mwenye malori machache asiogope mkataba mkubwa, ila kabla ya kutia sahihi na amwulize mwenye mzigo kama akubali magari ya nje. Kisha atazame leseni ya kila dereva, bima yake na breki za lori. Atenge fedha za kulipa safari za kwanza. Na aandike kila mzigo na kila malipo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali kwa wanafunzi: Ikiwa safari ya kwenda na kurudi ni siku 5 badala ya 4, malori mangapi ya nje yatahitajiwa? (Jibu: 6.)