Mafunzo Niliyopata kwenye Mavi ya Tembo

Tembo wa kwenye noti ya shilingi elfu kumi ni mpole. Wa kwetu Kiegei, wilayani Nachingwea, ni yule anayeingia shambani usiku, akang'oa mihogo, akalaza mbaazi, na kukucha mwenye shamba anabaki kupima nyayo badala ya kupima magunia. Nimekulia upande wa wanaolala dunguni na kupiga madebe. Leo kazi yangu ni kusoma vinasaba vya wanyamapori kwa ajili ya kesi za jinai: pembe, nyama, magamba ya kakakuona, damu iliyokaukia kwenye shoka. Vijana wanaotaka kuingia kwenye fani hii huniuliza mashine ipi ni bora. Mashine mtu huizoea. Yafuatayo ndiyo yaliyonichukua muda.

1. Kazi huanzia porini, na huanza kwa kuinama

Pembe iliyokamatwa bandarini haina anwani. Ili ujue imetoka wapi, lazima kwanza ujue tembo wa kila pori wana vinasaba vya namna gani, na tembo haji maabara kutolewa damu. Kwa hiyo tunaokota mavi. Yakipita kwenye utumbo hukwangua chembe hai za mwili wa mnyama, na chembe hizo hubaki kwenye ute wa juu. Ndani ya bonge ni majani, magome na wadudu tu. Unakwangua juu, upande usiopigwa na jua, unatia kwenye kichupa chenye kihifadhi, unaandika mahali, tarehe na saa. Mavi ya alfajiri ni mali. Yaliyopigwa na jua la Oktoba mpaka saa nane mchana ni ya kurutubishia shamba.

Hayo nilifundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Yaliyobaki nilifundishwa na mjomba wangu, ambaye kwanza alicheka mpaka akakaa chini: mtoto wa kike kasomeshwa mpaka Sokoine, kaja kuokota mavi ya ndovu! Akiisha kucheka akanionyesha kwamba upana wa bonge hukwambia umri wa mnyama, na kwamba marundo mawili yaliyoachana hatua mia huweza kuwa ya tembo mmoja, ukitazama unyayo wa nyuma na nyufa zake. Nisingeyajua hayo ningekuwa napeleka maabara mnyama mmoja mara tatu na kuandika kwamba ni watatu.

Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ambaye kila mtu katika fani hii hulijua jina lake, alijenga ramani yake ya tembo wa Afrika kwa njia hiyohiyo: sampuli 1,350, nyingi zikiwa mavi, kutoka nchi 29. Bila waliozikusanya porini, ramani isingekuwepo.

2. Ramani inaweza kukuonyesha nyumbani kwenu

Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha matokeo ya Wasser na wenzake kuhusu shehena 28 kubwa za pembe zilizokamatwa kati ya 1996 na 2014. Zaidi ya asilimia 85 ya pembe za tembo wa savana zilizokamatwa kuanzia 2006 zilitoka Afrika Mashariki, na hasa sehemu mbili: Pori la Akiba la Selous, kusini-mashariki mwa Tanzania, na pori la Niassa, kaskazini mwa Msumbiji. Katikati ya hizo mbili ndiko tuliko sisi. Liwale, Nachingwea, Tunduru, kote huko ni njia ya tembo.

Sensa zilikuwa zimeshalisema jambo hilo kwa namna yake. Mwaka 1976 mfumo wa Selous ulihesabiwa kuwa na tembo kama 109,000. Mwaka 2013 walikuwa wamebaki kama 13,000. Mwaka uliofuata UNESCO ikaiweka Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Lakini sensa inakwambia tembo wamepungua tu. Ramani ya vinasaba ndiyo iliyoonyesha kwamba pembe zilizokuwa zikifunguliwa kwenye makontena ya Asia, moja baada ya nyingine, zilitoka kwenye pori hilihili.

Mwenzangu mmoja aliitazama ramani ile, akanitazama mimi, akasema: "Kumbe ni ninyi!" Alikuwa anatania, lakini nilinyamaza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisisitiza jambo moja kila ninapoandika ripoti: ramani inataja alikotoka mnyama, haitaji aliyeamuru auawe. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu kifungo cha miaka 15 Yang Fenglan, aliyebandikwa jina la Malkia wa Pembe, pamoja na Watanzania wawili. Alikuwa mfanyabiashara wa Kichina mkazi wa Dar es Salaam. Mngindo wa Liwale mwenye gobore yumo kwenye mnyororo huo, sikatai, lakini ameshika kipande chake cha mwisho na chepesi kuliko vyote.

Kuna na hili la umbali. Njia hii ya kukadiria asili ya pembe huweza kukosea kwa kilomita 300 hivi. Chora duara la ukubwa huo kutoka Kiegei uone linameza nini: Liwale, Masasi, Tunduru, na ng'ambo ya Ruvuma mpaka ndani ya Niassa. Mwandishi wa habari atakayekuuliza ni kijiji gani, mkatalie.

3. Wazee wa kusini walishaijua nusu ya somo

Kila chembe ya mwili ina vinasaba vya aina mbili. Vya kwenye kiini hutoka kwa baba na mama. Vile vya mitokondria hutoka kwa mama peke yake, naye alivipata kwa mama yake, hivyohivyo kurudi nyuma. Mjini hilo huchukua nusu saa na ubao mzima. Kiegei nililieleza kwa sentensi moja, mzee mmoja akamalizia: basi ukoo wa ndovu ni kama wetu Wamwera, unafuata mama. Ni hivyohivyo. Makundi ya tembo huongozwa na majike, mabinti hubaki na mama zao, na madume wakipevuka huondoka kwenda kutafuta. Kwa sababu hiyo vinasaba vya mitokondria hukaa mahali pamoja vizazi na vizazi, wakati vya kiini husambazwa na madume wanaozurura.

Ukoo huo umekuja kuwa silaha mahakamani. Pembe zikikamatwa kwa shehena hatuwezi kuzipima zote, kwa hiyo kwanza tunazipanga sakafuni, tunalinganisha unene wa shina, rangi na alama ya ufizi, tunatafuta pacha. Pembe nyingi huonekana hazina pacha. Mwaka 2018 Wasser na wenzake walieleza sababu: pacha imo kwenye kontena jingine, lililopita bandari ileile ndani ya miezi michache, yaani mzigo ni wa mtandao mmoja. Mwaka 2022 walikwenda mbali zaidi, wakapima pembe 4,320 kutoka shehena 49 na kutafuta ndugu: mama na mwana, dada na kaka. Jamaa wa kundi moja waliouawa pori moja walionekana kwenye mizigo tofauti, iliyokamatwa nchi tofauti, miaka tofauti. Mfanyabiashara anayeshtakiwa kwa kontena moja anaweza sasa kuunganishwa na mengine.

4. Pembe ni mbishi

Hapa nitakuwa mfupi, maana ni ufundi mtupu. Unakata kipande cha ukubwa wa sarafu karibu na shina, palipokuwa ndani ya fuvu. Ukikisaga hivihivi, joto la msuguano linaua vinasaba vichache vilivyopo. Kwa hiyo kinasagwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika, nyuzijoto 196 chini ya sifuri, na chuma kinachokwenda mbele na nyuma kwa nguvu ya sumaku. Kisha madini ya chokaa huondolewa taratibu kwa dawa, siku kadhaa. Anayetaka majibu kesho asubuhi mpe kiti na chai.

5. Nyama haina sura

Watu hudhani fani hii ni pembe tu. Kwa wilaya kama Nachingwea na Ruangwa, kesi ya kila siku ni ndoo ya nyama iliyokaushwa kwa moshi, haina kichwa, haina ngozi, haina kwato. Askari anasema ni ya nyati. Mshtakiwa anasema ni ya ng'ombe, tena alinunua mnadani. Zamani neno la mwisho lilikuwa la ofisa mwenye uzoefu wa kutazama nyama. Wapo wenye jicho kweli, lakini wakili akimuuliza ofisa atofautishe kwa macho mnofu mkavu wa pofu na wa ng'ombe, jasho humtoka.

Kwa vinasaba tunasoma kipande kifupi cha jeni ya mitokondria, mara nyingi ile ya saitokromu b, na kukilinganisha na kumbukumbu za spishi zinazojulikana. Moshi na maji ya moto huvikatakata vinasaba, ila vipande vifupi husalia. Tabu ni sufuria yenye mbuzi na swala pamoja, au kisu kilichokata vyote viwili.

Jibu lenyewe nalo lipime kwa akili ya porini. Katika mfumo wa Selous twiga wako kaskazini ya mto Rufiji tu. Nyama iliyokamatwa Nachingwea ikitoa jibu la twiga, usikimbilie kuandika. Ama imesafiri kutoka mbali, na hiyo ni habari muhimu kwa mpelelezi, ama meza yako ni chafu. Mashine haijui Rufiji iko wapi.

6. Bahasha ina nguvu kuliko mashine

Kesi ya Paulo Maduka na wenzake, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2009, haikuhusu mnyama hata mmoja. Lakini hakuna mwanasayansi wa jinai nchini ambaye hajaisikia, kwa sababu ndiyo iliyoeleza kwamba lazima iwepo kumbukumbu ya maandishi ya kidhibiti tangu kilipokamatwa: nani alikishika, nani alimkabidhi nani, kilichunguzwa wapi, kikaishia wapi. Nyama inayooza ina masharti yake zaidi: hakimu akiombwa kuamuru iteketezwe, mshtakiwa awepo na asikilizwe.

Mombasa walilipata somo hilo kwa uchungu. Feisal Mohamed Ali alihukumiwa miaka 20 mwezi Julai 2016 kwa pembe za tani mbili. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachia huru kwa kasoro za ushahidi. Mahakama ikishasema, imesema. Ninachotazama mimi ni kwamba hayo yalitokea nchi ambayo tangu Mei 2015 ina maabara yake ya jinai ya wanyamapori, chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), jijini Nairobi.

Ndiyo maana ninapokutana na askari wa wanyamapori wa vijiji, wale wanaofunzwa Likuyu Sekamaganga kule Namtumbo, siwazungumzii habari za jeni. Nawaonyesha namna ya kuandika lebo kwa kalamu isiyofutika. Kipande cha mnofu kitiwe kwenye chupa yake, kila kipande na chupa yake, glovu zibadilishwe, lakiri ipigwe sahihi juu yake, na mshtakiwa aone yote hayo yakifanyika.

Tena kuna faida ambayo haisemwi sana. Tunaikumbuka Operesheni Tokomeza ya kupambana na ujangili, ya Oktoba 2013, iliyosimamishwa mwezi uliofuata kwa malalamiko ya mateso na vifo, na Desemba mawaziri wanne wakaondoka. Mahali penye bahasha nzuri ya kidhibiti, hakuna haja ya kumpiga mtu aseme nyama ni ya nini.

7. Kijiji kina swali lake

Ninapoeleza makontena na mitandao, watu wa Kiegei husikiliza kwa adabu, kisha huuliza la kwao: hawa wanaotumaliza mihogo ni kundi zima, au ni walewale?

Swali hilo limeshajibiwa kwingine, na aliyelijibu ni mwanasayansi wa Uganda, Patrick Chiyo. Yeye na wenzake walichukua mavi yaliyoachwa mashambani karibu na Amboseli, Kenya, wakayasoma vinasaba kumtambua tembo mmoja mmoja. Wavamizi walikuwa madume, na kati yao wachache sugu ndio waliohusika na sehemu kubwa ya uvamizi. Wengi waliobaki walikuwa wa kujaribu tu.

Kama ni hivyo huku kwetu, maana yake ni kubwa. Pilipili, fataki na askari wa doria vinaweza kuelekezwa kwa wanyama wachache wanaojulikana badala ya kuwachukia wote. Nilimwambia mjomba kwamba nataka kuanza kuokota mavi ya ndani ya mashamba, sasa na msimu ujao, nilinganishe.

Akafikiri kidogo. "Mpwa wangu, ukishamjua huyo sugu, kifuta jasho kitaongezeka?"

Nikamweleza kwamba kanuni za malipo hayo ya serikali zinaangalia ekari zilizoharibiwa na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, hazimuulizi tembo jina lake.

"Basi wewe muokotee," akasema, "ila anzia shamba langu, maana la jirani wanaingia wakishashiba kwangu."